Swali la Nne

Redio ilipomaliza muziki wa mazoezi, wafanyakazi kumi na mmoja wa kitengo cha ukaguzi waliteremsha mikono, wakasimama juu ya mistari yao iliyochorwa sakafuni na kutoa simu zao mifukoni. Kajitani Shigeo aliitoa yake mwisho. Alikuwa amefanya mazoezi hayo kila asubuhi kwa miaka thelathini na minane, katika kiwanda hicho hicho cha vali za gesi pale Nagaoka, na siku hizi yalimwacha hoi kabla kazi haijaanza.

Programu ya maadili ilikuwa imeletwa na makao makuu mwezi wa Aprili. Ilikuwa na maswali matano, na kila mfanyakazi alitakiwa kuyajibu mara moja kwa siku, akiwa peke yake, saa yoyote anayotaka, bila kutaja jina. Swali la nne liliuliza: je, umeona jambo lolote linalokwenda kinyume cha kanuni? Majibu yalifika moja kwa moja kwa kamati iliyoko Tokyo. Waliobuni chombo hicho walikuwa watu wa nia safi, na kazi yao waliifanya ipasavyo.

Ila katika wiki ya kwanza watu wanne walisahau kujibu, na kitengo cha ukaguzi kikashika mkia kiwanda kizima. Mkuu wa kitengo, Bwana Muroi, aliona haya. Akaamuru tangu siku ile wajibu wote kwa pamoja baada ya mazoezi, yeye akihesabu moja hadi tatu. Ukutani akatundika skrini ya kuonyesha jumla ya majibu, ili wapongezane wanapotimia. Hakukusudia ubaya wowote. Wala hakutokea mtu wa kumwambia kwamba siri inayotolewa kwa mstari, mbele ya skrini, haiwi siri tena. Miezi minane walibonyeza "Hapana", wakapiga makofi, wakaenda kazini.

Kanuni yenyewe ilikuwa nyepesi: kila vali ikae katika shinikizo dakika kumi ionekane kama inavuja, kisha mkaguzi mwenye dhamana, yaani Kajitani, agonge mhuri wake kwenye karatasi. Mwezi Julai kazi ilipozidi, Muroi alimwendea Kajitani, akainamisha kichwa, akamwomba wapime dakika tatu tu mpaka mashine mpya iwasili. Karatasi ziliendelea kusema kumi. Mashine haikuwasili, na Kajitani akaendelea kugonga mhuri.

Sasa zilibaki siku tatu astaafu. Kazi ya mhuri ingeshikwa na Tsukuda Rie, msichana wa miaka ishirini na sita, mwepesi wa akili na wa ulimi. Jana, wakati wa chakula cha mchana, alikuja akaketi mbele yake na kufungua kisanduku chake cha wali.

"Mzee Kajitani, nikuulize kitu, usinichoke. Hizi dakika kumi za kwenye karatasi ni dakika za nchi gani?"

Kajitani alicheka kidogo. Akamwambia amuulize Mkuu.

"Nimeshamuuliza. Kaniambia nikuulize wewe."

Hapo kicheko kilimkatika. Jioni alirudi nyumbani, na mkewe Fumie alipoona supu imepoa bila kuguswa, akauliza kama chumvi imezidi. Akasema haikuzidi. Alichokuwa akiwaza ni kwamba kuanzia Jumatatu jina la binti yule lingekaa chini ya uongo ambao yeye ndiye aliyeuzoesha. Na kama angejibu "Ndiyo" kisha akanyamaza, kila mtu angedhani ni Tsukuda, kwa kuwa ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Moja," alisema Muroi asubuhi hii, simu zote zikiwa tayari. "Mbili. Tatu."

Vidole vilibonyeza. Skrini ikaonyesha: Hapana, kumi. Ndiyo, moja.

Mikono iliyokuwa imeinuka kupiga makofi ilibaki hewani. Muroi alitabasamu kwa shida, akasema kwamba kuna mwenzao kidole kimemteleza, na kwa baridi ile si ajabu. Angewaomba makao makuu waruhusiwe kujibu upya. Wawili watatu walicheka kumsaidia. Kisha macho yake yakatua kwa Tsukuda, na ya wengine yakayafuata. Wakui, mkaguzi mwenye umri sawa na Kajitani, alinong'ona kwa sauti ya kusikika:

"Vijana wa leo bwana, kitu kidogo mbio kwenye simu."

Tsukuda aliona haya hadi masikio yakamwiva, naye alikuwa amebonyeza "Hapana" kama siku zote.

Kajitani alivuka mstari wake kwa hatua moja.

"Hakijateleza, Mkuu. Kidole ni changu."

Muroi alimsogelea, akapunguza sauti. "Mzee wangu, zimebaki siku tatu. Tatu tu. Maua ya kukuaga tumeshaagiza."

"Najua, na ninashukuru. Lakini dakika kumi hatujapima tangu Julai, na mihuri yote ni yangu. Sitaki mtoto wa watu aanze kazi kwa kurithi uongo wangu."

"Unajua vali ngapi zimeshatoka hapa?"

"Nazijua. Zote zimepita mkononi mwangu."

Kengele ya kuanza kazi ililia na hakuna aliyesogea. Kajitani aliomba ruhusa ya kutumia simu ya ofisini. Muroi hakumpa ruhusa wala hakumzuia, basi akaenda, taratibu, kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali.

Alipiga namba ya kamati iliyokuwa chini ya lile swali la nne. Mwanamke aliyepokea alimweleza kwa adabu kwamba utaratibu haumruhusu kuuliza jina la anayepiga.

"Liandike tu, mama," alisema. "Kajitani Shigeo, mkaguzi."

Akavuta kiti, akaketi kwa uzito, akaanza kueleza tangu Julai. Alikuwa amefika mwezi wa Septemba mlango ulipofunguliwa. Muroi aliingia, akaufunga nyuma yake, akavuta kiti cha pili na kuketi kando yake, mikono juu ya magoti, akingoja zamu yake ya kuzungumza.