Saruji Kwenye Kisu

Mama alinikabidhi kisu cha Baba kikiwa kimeviringishwa kwenye gazeti, kama anatoa samaki aliyeoza. "Kakitupe huko huko buchani kwako," alisema. "Humu ndani sitaki kukiona."

Mimi nauza nyama. Kuniambia mimi nitupe kisu ni kunitafutia maneno. Nilikitia mfukoni nikaondoka.

Kilikuwa kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, kidogo kiasi cha kujificha kiganjani. Mafundi wenzake walikuwa na visu vikubwa vya kukatia ngozi, na mikasi, na rula za chuma. Yeye alikuwa na hicho tu. Alikaa barazani kwetu, akatandaza ngozi juu ya ubao, akakata mkanda bila kupiga mstari, na mkanda ukatoka umenyooka. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mkanda. Hata macho yalipoanza kuingia ukungu hakushtuka. "Kwani nilikuwa nakata kwa macho?" aliuliza, na wateja wakacheka.

Kisha kisu kikaanza kumgomea. Alikinoa jioni, akakijaribu kwa kidole gumba, akaridhika. Asubuhi kikaburuza ngozi badala ya kuikata. Alikinoa tena, na baada ya chakula cha mchana kikawa butu vile vile. Akaharibu mkoba wa mteja, kisha mwingine. Mwishowe akagawa nyundo, sindano na nyuzi zake kwa mafundi wa mtaa wa pili, akawa wa kukaa kitini karibu na mlango, mikono mapajani. Nilipomuuliza alisema, "Mkono umekufa, mwanangu. Hata kunoa umesahau." Tangu hapo Mama ndiye aliyemkatia nyama kwenye sahani, tena kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

Nilikifungua kisu buchani, wateja walipopungua. Kilikuwa kimekaza. Nikatia tone la mafuta kwenye kiungo, nikakichezesha, na unga wa kijivu ukamwagika juu ya meza yangu. Niliusugua kwa vidole. Ulikuwa saruji.

Nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Nimeshika visu tangu nikiwa msichana, na aliyenifundisha kuvinoa ni huyo huyo mwenye mkono uliokufa. Kisu cha kazi huchoka pale kinapofanyia kazi, karibu na ncha. Hiki makali yake yalikuwa yamelala bapa toka mpinini hadi nchani, na katikati kina mapengo mawili. Mikwaruzo yote ilielekea upande mmoja. Hakuna ngozi inayofanya hivyo. Mtu alikuwa amekisugua sakafuni, tena si mara moja, na nyumba ile ina watu wawili tu.

Nilifunga bucha mchana kweupe, mteja mmoja akiwa bado anachagua mbavu, nikaenda.

Mama alikuwa uani anafua. Hata salamu sikumpa. "Ulikuwa unakisugulia wapi? Kizingitini au hapo unapofulia?"

Hakujifanya haelewi. Alikamua shati la Baba, akalitundika, akanyoosha kola yake. "Kwenye ngazi," alisema. "Akiingia kuoga. Na mchana akisinzia."

"Mama!"

"Mama nini? Wewe unakuja mara moja moja, unakula, unaondoka. Mimi ndiye nilikuwa nakaa hapa namwangalia anapitisha kisu kile karibu na kidole, haoni, na soga anapiga. Kila siku roho mkononi. Nimemsihi aache, ananicheka. Ulitaka nifanyeje? Nisubiri kuokota vidole?"

"Amewahi kujikata?"

Aliinamia nguo nyingine. "Vyote kumi anavyo," alisema. "Nenda kahesabu. Halafu nisikilize: ukimwambia, utakuwa umeniua. Mwache aamini ni uzee. Uzee si aibu."

Nilimjibu maneno ambayo binti hamjibu mama yake, nikatoka.

Kisu nilikinoa kwa hasira, na kazi ile haitaki hasira, kwa hiyo nilianza vibaya. Pengo la kisu halizibwi. Unakila chuma kizima, kile kisichokuwa na kosa lolote, mpaka makali mapya yafike kwenye kina cha pengo. Nilianza na tupa, kisha jiwe la kunolea na maji, upande wake wa chenga. Nikainua mgongo wa kisu unene wa sarafu kama nilivyofundishwa, nikasukuma, nikageuza, nikasukuma. Mkono ukatulia. Nilipohisi kijiukingo cha chuma kilichojikunja kinakwaruza kidole upande wa pili wa kisu, nikahamia upande laini wa jiwe, na mwisho nikakipitisha juu ya mkanda mkuukuu. Kilikuwa kimekonda, lakini kilinyoa vinyweleo vya mkono wangu bila kuuma. Nilijivuna, siwezi kukataa. Nilidhani namrudishia mzee mkono wake, na kwamba hayo mengine nitamwambia mimi, siku nitakayopenda mimi.

Nilikwenda na kipande cha ngozi, nikamkuta kitini pake. Mama alikuwa upande wa pili wa meza, anashona kifungo. Alipoona kisu mkononi mwangu, sindano ilisimama.

"Baba, shika. Kata hii ngozi."

"Ya nini? Si nilishakwambia?"

"Kata tu. Nimekinoa mimi."

Alikigusa kwa gumba, na uso ukambadilika. Akalaza ngozi mezani, akatafuta ukingo wake kwa kidole, akavuta. Utepe ulitoka mwembamba, umenyooka mwanzo mwisho. Akakata mwingine. Akakata mwingine tena, haraka zaidi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka kwa furaha. Yeye hakucheka. Alisimamisha kisu, akapapasa ubapa wake polepole.

"Kimepungua," alisema. "Mbona umekila hivi?"

"Kilikuwa na mapengo."

"Mapengo ya nini? Mimi nakata ngozi."

Nilianza kukusanya tepe za ngozi pale mezani.

"Jioni kilikuwa kinakata," alisema, kama anazungumza na kisu chenyewe. "Nilikuwa nakijaribu. Nilijua kinakata." Akageuza uso taratibu mpaka ukaelekea alipokaa Mama.

"Niliogopa," Mama alisema. "Nilikuwa nakulinda, mume wangu."

Baba alikunja kisu, akakiweka mezani. Alipoanza kusema alinielekea mimi, kana kwamba chumbani hakuna mtu mwingine.

"Siku nilipogawa vyombo vyangu nililia. Wewe hukuwepo. Nilikaa hapa hapa nikalia kwa sauti, mkono wangu, mkono wangu. Mama yako akaja akakaa pembeni yangu, akanifuta machozi kwa upindo wa nguo yake. Akanibembeleza mpaka nikanyamaza."

"Baba, basi."

"Alikuwa anajua," alisema. "Ananifuta, na anajua."

Mama aliweka shati chini, akazunguka meza, akanyoosha mkono kumshika kama alivyozoea. Baba aliuvuta mkono wake, mkono mzima usio na kovu hata moja, akauficha nyuma ya mgongo.