Majani ya Bloku ya Saba

Meneja Hermani alikunywa chai pamoja na inzi, wala hakujua. Mkono ulimtetemeka hata nusu ya kikombe ikahamia kwenye kisosi, inzi akatumbukia humo, naye akainamisha mdomo akafyonza kisosi kizima kama ndama kwenye dimbwi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi. Ningeweza kusema. Sikusema. Kazi ya mpishi ni kupika. Kuhesabu inzi ni kazi ya bwana afya.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tano, enzi za mashamba ya ngano ya serikali huku kwetu Hanang. Palipokuwa na malisho pakawa bloku, na kila bloku ikapewa namba kama mfungwa. Ndege ilipita asubuhi ikinyunyiza dawa ya magugu, nasi tukakimbia kufunika maziwa, lakini bado yalikuja na ladha ya betri. Mume wangu alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda kusini kutafuta nyasi. Mimi nikabaki na mama yake na mwanangu Basili, nikaomba kazi ya jikoni kwa walewale waliotulimia malisho. Ndiyo, nilikula kwao. Tumbo halina haya, lina kelele tu.

Mimi ni Mwiraqw wa Dongobesh, mbatizwa, na darasa la nne nililimaliza. Nilipoolewa kwa Wabarbaig nilikuja na kinyaa changu nimekikunja vizuri sandukuni pamoja na shuka. Samli kichwani, maziwa yenye moshi wa kibuyu, sketi ya ngozi ya mama mkwe ambayo harufu yake ilikupa shikamoo kabla hujaiona. Mwaka mzima nilikunywa maziwa nimebana pua. Mama mkwe aliona, akaendelea kunijazia kibuyu.

Basi nilipofika kwa meneja, kwenye sabuni na vitambaa vya meza, nilidhani kinyaa changu kimepata likizo. Kumbe kilikuwa hakijaanza kazi. Yule bwana alitafuna kucha akazitemea zuliani, nami nizifagie. Alikaushia jasho kwenye pazia. Wakubwa walimwita kwenye redio ya mawasiliano kila siku, magunia, magunia, na kila ilipokoroma aliruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Alikuwa amekwenda hospitali, akaambiwa moyo ni mzima, mishipa ya fahamu ndiyo imechoka, apumzike. Nani apumzike, na redio ipo?

"Mama Basili," aliniambia siku ile ya inzi, "wanasema mama mkwe wako anajua dawa ya kutuliza."

"Wanasema mengi, bwana meneja. Wanasema pia kwamba hulali."

"Silali. Usingizi unafika mlangoni, unaniona, unarudi zake."

Nilimhurumia, Mungu anisamehe. Maana dawa nilikuwa naijua. Ni mmea mfupi wenye majani ya kijivu, laini kama sikio la mwanakondoo, na harufu yake ni ya soksi ya askari aliyetembea kutoka Haydom. Mama mkwe aliyachemsha kila siku tangu alipofiwa na mumewe, akanywa polepole, na mabega yake yakashuka mahali pake. Aliyaweka makavu kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya kitanda. Alipotoka kutafuta kuni, nikachota konzi mbili. Sikumwomba. Nilijua angekataa, na jibu unalolijua huna haja ya kulifuata.

Siku ya kwanza meneja alinusa kikombe akakunja uso wote. "Hii ni nini, maji ya kuoshea mbuzi?"

"Ya mbuzi ni matamu zaidi, bwana meneja. Bana pua. Hata mimi nilibana."

Akabana, akanywa. Siku ya tatu alisinzia mezani. Siku ya tisa alimimina chai mwenyewe, uzi mwembamba ulionyooka hadi kikombeni, akanitazama kama mtoto aliyetembea kwa mara ya kwanza. Nilicheka naye. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa: mimi, wa darasa la nne, nimetibu wa diploma.

Kesho yake dereva wa katapila, Joakimu, kijana wa Mbulu aliyekuwa akinifuata jikoni kwa ajili ya ukoko, aliegemea dirisha.

"Shemeji, mzee umemlisha nini? Leo kasaini karatasi zote, mkono haujatikisika hata kidogo. Ile ya bloku ya saba ilikaa mezani tangu Krismasi, kila akiishika kalamu inadondoka."

"Ya bloku ya saba inasemaje?"

Joakimu aliutazama ukoko wake. "Jumatatu nikalisawazishe lile tuta. Linakwaza mashine."

Tuta lile ni kaburi la baba mkwe wangu. Wabarbaig hawamjengei tuta kila mtu. Ni mzee aliyeheshimika tu. Watu wa ukoo walilijenga kwa udongo miezi tisa, wakalimwagia pombe ya asali, likasimama kumpita mtu mrefu. Anayepita hapo huchuma majani mabichi akayaweka juu yake, kwa sababu majani mabichi mkononi ndiyo amani, kwao na kwetu Wairaqw pia. Trekta zilikuwa zimelizunguka misimu mingi, kwa aibu au kwa uvivu. Sasa mkono niliouponya mimi ndio uliosaini.

Nilifunga jiko nikashika njia ya nyumbani. Nimewahi kuchuna mbuzi aliyelala siku mbili, nimewahi kuosha kidonda chenye funza. Kinyaa cha siku ile kilizidi, kwa sababu hakikuwa na kitu cha kutupa nje. Kilikuwa mimi.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, kibuyu cha dawa mapajani, kitupu.

"Shikamoo, mama."

"Panya wa nyumba hii," alisema bila kuitikia, "ana vidole."

Nikamweleza yote, kuanzia inzi hadi saini. Hakupiga kelele. Aligeuza kibuyu juu chini, akakigonga, vumbi kidogo likaanguka.

"Yalikuwa ya mwisho yaliyokauka," alisema. "Kwingine kote ndege imeua. Yamebaki kwake tu, juu yake." Alimaanisha mumewe. "Wewe ndiye uliyemlaza mtu huyo. Kamwamshe."

Ijumaa nilimpelekea meneja kikombe cha maji ya moto matupu. Jumamosi hivyohivyo. Jumapili mkono ulikuwa umerudi kucheza ngoma yake.

"Dawa iko wapi, Mama Basili?"

"Imekwisha, bwana meneja. Imebaki mahali pamoja. Nitakupeleka."

Alinifuata kwa viatu vyake vinavyong'aa hadi bloku ya saba, tukapanda kandokando ya tuta, na pale juu, kijivu, laini, mmea ukatikisika kwa upepo. Akaupigia magoti. Akachuma jani akalitia mdomoni likiwa bichi, mate yakamchuruzika kidevuni.

"Ndiyo haya! Lakini hapa ni wapi?"

"Hapa ni kwa baba mkwe. Amelala chini ya magoti yako. Kesho Joakimu anakuja kumwamsha."

Alinitazama, akalitazama jani, akautazama udongo. Halafu akatapika. Alitapika chai, mkate, na sidhani kama alimsaza yule inzi. Nilimshika kola asije akamchafua mzee, na kwa muda ule, niseme kweli, nilifurahi.

Jumatatu katapila halikuja. Walikuja mafundi na seng'enge. Walilizungushia tuta waya wa miiba, wakatia lango na kufuli, wakapigilia kibao: MALI YA SHAMBA, HAKUNA RUHUSA. Ufunguo nikapewa mimi, mpishi, nichume dawa ya meneja kila asubuhi. Kaburi lilipona, likawa bustani ya tumbo lake. Mama mkwe alikuja na majani yake mabichi, akasimama nje ya waya, mlinzi akamwonyesha kibao ambacho hakujua kukisoma.

Nilidhani angenilaani. Aliniuliza tu, "Huyo unayemchumia, anaweka majani?"

"Haweki, mama."

"Basi weka wewe."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi mkono wa kulia unachuma, mkono wa kushoto unaweka majani aliyonipa mama mkwe, niliyoyaficha chini ya kikapu. Nilijiona kama padri anayeiba sadaka huku akibariki.

Ulipofika Aprili ngano ilikuwa imeota, mbichi, imefika magotini, imelibana tuta hadi kwenye waya. Asubuhi moja niligeuka nikamkuta meneja langoni, mkono umetulia, ameniona.

"Unaweka nini hapo?"

"Majani, bwana meneja."

"Kwa nini?"

"Mtu akichukua kwa mtu, huacha kitu."

Redio ilikoroma kwenye gari lake, hakuruka. Akatazama huku na huku kutafuta majani. Hapakuwa na majani, ndege ilikuwa imeshapita. Basi akaingia, akapitisha mkono nje ya waya, akang'oa konzi ya ngano mbichi, ngano yake, ya magunia na redio, akaiweka juu ya tuta kwa mikono miwili. Kisha akarudi garini.

Ngano! Ileile iliyokula malisho yetu. Nilitaka kuitupa. Mkono ulifika, ukasita. Nikaenda kumweleza mama mkwe, nikitumaini atachukia kwa niaba yangu.

Alikoroga maziwa hadi yakachemka.

"Ilikuwa mbichi?"

"Mbichi, mama."

"Kwa mikono miwili?"

"Miwili."

Akanijazia kibuyu, akanisogezea. "Basi ni majani," alisema.

Nilitoka nje na kibuyu changu. Nikatema mate. Nikanusa mkono wa kulia, nikanusa wa kushoto, nikarudia tena wa kulia. Kisha nikanywa maziwa yale yenye moshi, na kibuyu kilipobaki nusu ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimebana pua.