Ndala Tumboni mwa Shangazi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye kikao ndani ya utumbo wa samaki. Samaki mwenyewe ni Shangazi, sato mkubwa wa mke wangu Nyabise. Tangu jana anaelea kiubavu na hataki kula.

Naingilia mdomoni. Kwa kuwa nimelelewa vizuri, navua ndala zangu za buluu mlangoni. Ya kushoto ilikatika ukanda, nimeifunga kwa waya.

Ndani bakteria wamekaa kwenye mikeka. Balozi wao wa nyumba kumi amevaa koti, ingawa hana mabega.

"Shikamoo," nasema. Sijui umri wa bakteria, heri nizidishe heshima.

"Marahaba, Baba Nyangi. Nimezaliwa asubuhi hii. Sisi hapa kazi yetu ni dagaa. Jumatatu tukaamka, tukakuta soya tupu. Nani alitoa amri?"

Ni mimi. Nyabise alipokwenda Musoma kumuuguza dada yake aliniachia ndoo mbili za chakula cha samaki, ya dagaa na ya soya, na neno moja: changanya, soya uiongeze kidogo kidogo kwa siku kumi, matumbo yazoee. Kuchanganya kulinichosha siku ile ile ya kwanza. Dagaa wa kusaga nikawamwagia bata.

"Wenzetu wa soya wamefika," balozi anaendelea, "lakini ni wageni." Kweli, pembeni kuna bakteria wachache wanakunywa chai. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu, na majembe hatuna."

Mara utumbo unakuwa ofisi ya kata, kisha jiko letu. Bata wananitazama kutoka kwenye sufuria, wameshiba. Naona aibu sana.

"Nitaleta majembe," nasema.

Balozi anatikisa kichwa. Sasa anacho. "Lete dagaa. Kiganja kimoja kila siku, mpaka wageni waizoee kazi. Na umwambie mwenye samaki ukweli. Ndala moja inabaki hapa, dhamana."

Nilipoamka, chini ya kitanda kulikuwa na ndala ya kulia peke yake.

Nyabise alikuwa amesharudi. Nilimkuta bwawani, kitenge kimelowa hadi magotini, amempakata Shangazi kwa viganja viwili.

"Baba Nyangi, ulichanganya?"

Nilitaka kusema ndiyo, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikautazama mguu wangu wa kushoto, mtupu kwenye tope.

"Sikuchanganya. Dagaa niliwapa bata."

 Shangazi akafungua mdomo, akamtemea kiganjani kitu kidogo kama punje ya mchele. Nyabise akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza.

Ilikuwa ndala ya buluu, ya kushoto, imefungwa kwa waya.

Akaniwekea mkononi.

"Vaa," akasema, "ukatafute dagaa."