Bluu Iliyokolea

Kila asubuhi wapenzi wa kalamu za wino walitumiana picha kwenye kundi lao la simu: kalamu ya leo, wino wa leo, na mstari mmoja wa kuonyesha mwandiko. Mpima ardhi mstaafu hakukosa hata siku moja. Nyumbani hapakubaki hata mtu wa kugombana naye, basi kundi hilo ndilo lililokuwa jirani yake.

Asubuhi moja alijaza wino wa bluu, na bila kupanga akaandika: "Tangu mke wangu afariki, bado napika chai ya vikombe viwili. Kimoja namwaga." Akapiga picha, akatuma, akakaa kusubiri.

"Bluu imekolea," akaandika fundi saa.

"Ncha ya kalamu hiyo ni ya kati, au nyembamba?" akauliza mwalimu.

Mpima ardhi akafura. Watu wazima na miwani yao, kusoma hawajui? Nusura awape vidonge vyao. Kwanza akarudi nyuma kwenye picha za zamani, atafute ushahidi wa upofu wao, mpaka akafika kwenye picha ya mwisho ya mfamasia, ambaye alikuwa kimya mwezi mzima. Akausoma mstari wake kwa mara ya kwanza: "Mwanangu hapokei tena simu zangu."

Chini yake palikuwa na jibu moja tu, nalo lilikuwa lake mwenyewe: "Kijani hiki kimetulia. Kinakauka upesi?"