Usukani Uliolala Upande

Placide alipougua ile malaria iliyompanda kichwani, gari la kituo cha afya lilikaa wiki tatu mikononi mwa dereva mwingine. Wakati ule hakulijali. Alikuwa kitandani, masikio yakimvuma kwa dawa ya kinini, mkewe Constance akimlisha uji kwa kijiko. Siku alipoweza kutembea mwenyewe hadi kazini, alilikuta gari limeegeshwa uani, na limekuwa refu.

Lilikuwa Land Cruiser lilelile aliloliendesha kwa miaka kumi na tisa kati ya Baraka, Fizi, Lulimba na Kilembwe, lakini walikuwa wameliinua. Yule dereva wa muda alikwama mara mbili kwenye matope ya njia ya Lulimba, tumbo la gari limekalia tope na magurudumu yanazunguka bure, ndipo mkuu wa kituo akakubali fundi mmoja wa hukohuko aongeze majani ya springi na kupandisha gari zima. Sasa ilimbidi Placide anyanyue goti hadi karibu na kifua ili aingie. Watu walimpongeza. Walisema hakuna tena dimbwi la kumsumbua.

Safari ya kwanza haikufika hata Fizi kabla hajagundua kwamba usukani umelala upande. Ili gari liende mbele moja kwa moja, ilimbidi aushike umeinamia kushoto. Akiuweka sawa, gari lilishuka taratibu kuelekea mfereji wa kulia. Baada ya kona, usukani haukurudi wenyewe kama zamani. Ilimbidi aurudishe kwa nguvu, na mara nyingine aliurudisha kupita kiasi, gari likayumba kama mtu aliyeamka vibaya.

Dereva mwingine angesema gari limeharibiwa. Placide alilifikiria hilo kidogo, kisha akaliacha, kwa sababu wiki hiyohiyo alikuwa ameangusha kikombe cha chai mara mbili, na asubuhi hakuweza kufunga vifungo vya shati bila kuketi. Daktari alimwambia malaria ya namna ile huweza kuacha alama mwilini. Gari lilipoanza kumponyoka mikononi, aliona ameshajua alama yenyewe ni ipi.

Hakumwambia mtu. Alianza kwenda polepole, akisingizia madaraja mabovu. Jioni alifika nyumbani mabega yanawaka moto, akakaa uani na kumwambia Constance kwamba ni uchovu tu.

Na kulikuwa na jambo moja aliloona aibu hata kulikiri moyoni mwake. Binti yake Gentille alikuwa fundi wa magari, tena fundi hodari, na garaji aliyofanyia kazi ilikuwa hapo Baraka, nyuma ya soko. Zamani Placide alimpelekea gari baada ya karibu kila safari, hata bila sababu, ili amwone tu akifuta mikono kwa kitambaa na kuuliza, "Papa, imekusumbua wapi?" Sasa alianza kupita njia ya nyuma. Maana Gentille akilala chini ya gari, akatafuta kila mahali, asione kitu, basi itakuwa imethibitika kwamba kibovu ni baba yake. Afadhali kutojua.

Alikwenda hivyo kwa miezi miwili.

Siku moja ya Jumatano alimleta mama mjamzito kutoka Kilembwe, mwanamke kijana aliyeitwa Alida, uchungu umemwanza tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Muuguzi Dieumerci alikuwa nyuma naye, amemshika mkono. Walipokuwa wanateremka kuingia Fizi, mbuzi alikatiza. Placide alimkwepa bila shida, lakini usukani ukabaki pale alipoupeleka. Alipouvuta, ulikuja wote kwa mara moja, na gari likaenda kulia, likaenda, hadi gurudumu la mbele likasimama kwenye ukingo wa mfereji, udongo unamomonyoka chini yake.

Hakuna aliyeumia. Alirudisha gari nyuma, akalipanga barabarani. Dieumerci aliinua kichwa kuutazama mfereji. Ni Alida aliyesema, kwa sauti ya mtu anayepumua kati ya uchungu na uchungu:

"Papa, unachoka? Kama unachoka, tupumzike kidogo. Mi naweza kungoja."

Yeye, aliyekuwa akizaa, ndiye aliyekuwa anamwonea dereva huruma. Placide alijibu kwamba hajachoka. Aliendesha hadi Baraka ameuma meno, wakafika, na mtoto wa kike akazaliwa salama kabla ya saa kumi.

Jua likiwa bado juu, Placide aliketi mezani nyumbani kwake, akachana karatasi ya daftari na kuanza kuandika barua kwa mkuu wa kituo. Constance alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo, pembeni. Alimtazama akiandika, akifuta, akiandika tena.

"Papa Gentille, unaandikia nani?"

"Naandikia chef. Mi narudisha ufunguo."

Constance aliweka majani chini.  Alivuta kiti akakaa karibu naye, akachukua mkono wake wa kulia, akaugeuza na kuutazama kama anatafuta mwiba.

"Ni huu?"

"Yote mbili. Gari inanikimbia, Constance. Leo kidogo niue muntu na mutoto wake."

"Na Gentille anasema nini?"

"Sijamwambia."

"Ile gari hajaiona?"

Placide alizungusha kalamu mezani. Constance alingoja. Walikuwa wameoana miaka thelathini na moja, na alijua kwamba mumewe hufika kwenye neno kama gari linavyopanda mlima wa Fizi, kwa gia ya kwanza.

"Na kama gari haina kitu?" Placide alisema mwishowe. "Akiniambia, Papa, gari iko muzuri, mi nitafanya nini?"

"Utakuya hapa," Constance alisema. "Utakaa kwa hii kiti. Mi niko hapa. Lakini barua utaiandika kesho, mutoto akiisha kuangalia gari."

Alikunja karatasi, akaiweka chini ya sahani, akarudi kwenye sombe yake.

Asubuhi Gentille aliliona gari likiingia garajini, akaacha kazi aliyokuwa nayo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mfupi, nywele amezifunga kwa kitambaa cha kitenge kilichochafuka kwa oili. Alilizunguka gari mara moja bila kuligusa.

"Nani aliipandisha hivi?"

"Fundi moja wa kule Lulimba. Nilikuwa mugonjwa."

"Na walipoisha kuipandisha, walifanya paralelisme, magurudumu itazamane sawa? Walirekebisha direksio ya usukani?"

"Sijui, Mama." Alimwita hivyo siku zote, kwa kuwa Gentille alibeba jina la nyanya yake, mama mzazi wa Placide. "We panda, uiendeshe. Mi sitasema kitu."

Gentille alikamata usukani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Placide akakaa upande wa abiria katika gari lile. Walikwenda kwenye barabara ya Mulongwe, mahali inaponyooka katikati ya mashamba ya mihogo. Alitazama mbele tu. Hakutaka kumtazama mtoto wake akipata jibu.

"Papa, angalia mikono yangu," Gentille alisema.

Alikuwa ameiweka yote miwili magotini. Gari lilikwenda hatua chache, kisha likaanza kushuka kulia, polepole, kwa njia ileile ambayo Placide aliijua kwa miezi miwili. Gentille alilirudisha. Akaachia tena. Likashuka tena. Akapinda kushoto, akaachia, na usukani ukabaki pale ulipokuwa, umezubaa.

"Ona. Inapaswa kurudi yenyewe, haitaki kurudi. Na volani imelala upande. Hii gari iko hatari, Papa. Uliiendesha namna gani mpaka Kilembwe?"

 Placide akageuka kutazama mihogo.

Gentille alisimamisha gari kando ya njia na kuzima injini.

"Papa."

"Mi nilizani ni mimi," alisema. "Nilizani ugonjwa imekula mikono yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilirudi kwa kazi."

Gentille alifumba macho. Sasa alielewa kwa nini baba yake hakupita garajini msimu mzima, na kwa nini siku za Jumapili mezani alificha mikono chini. Muda wote alidhani ni yeye aliyemkosea baba yake mahali. Alitaka kumgombeza, na maneno ya kumgombeza yalikuwa yamejaa kinywani, lakini alichofanya ni kuegemeza kichwa chake kwenye bega la baba yake, kitambaa cha oili na yote, akakaa hivyo mpaka baiskeli yenye magunia mawili ya makaa ikawapita.

"Turudi," alisema. "Nataka kuona chini."

Alipandisha mbele ya gari kwa jeki, akaweka magogo, akaingia chini. Haikumchukua muda. Fundi aliyeliinua alikuwa ameingiza kabari za chuma kati ya springi na ekseli, na kazi ya kabari hizo ni kuinamisha ekseli kidogo ili magurudumu yapende kurudi katikati. Lakini alikuwa amezigeuza. Upande mnene ulitazama mbele badala ya nyuma, pande zote mbili za gari. Hivyo ekseli iliinama kinyume, na magurudumu yakawa yanafuata kila mteremko wa barabara. Kisha, kwa kuwa gari limepanda juu, fimbo inayotoka kwenye sanduku la usukani kwenda magurudumuni haikutosha tena urefu wake, na hakuna aliyeirekebisha. Ndiyo maana usukani ulilala upande.

Alimweleza baba yake yote hayo akiwa amelala chali, mkono umechomoza nje ukiomba spana. Placide alimpa ya namba kumi na saba kabla hajaitaja. Akampa na nyundo. Kwa saa nzima walifanya kazi bila maneno mengi, yeye amechuchumaa, binti yake chini, nati za zamani zikilia kila zilipolegea. Kabari zikatoka, zikageuzwa, zikarudi.

Baadaye Gentille aliweka alama za chaki kwenye magurudumu ya mbele, akachukua uzi ili apime kama magurudumu yanatazamana sawa mbele na nyuma. Alimpa baba yake ncha moja aishike kwenye alama. Uzi ukatetemeka. Ulitetemeka kidogo tu, lakini wote wawili waliuona.

Placide hakuuficha mkono safari hii.

"Ona," alisema kwa upole. "Si gari peke yake."

Gentille alipiga magoti upande wake.

"Naona. Ugonjwa imekuachia kitu. Pengine itarudi muzuri, pengine haitarudi yote. Lakini, Papa, na mikono hii unashikilia gari inayokimbia, miezi mbili, na hakuna muntu hata moja alikufa. Muntu mwenye mikono mibovu hawezi."

Placide aliyafikiria maneno hayo huku ameshika uzi, sasa kwa mikono miwili. Mbali na kumfurahisha, yalimpa nafasi ya kuona mambo mawili yaliyokuwa yamefungamana kwa muda mrefu yakiachana: hili la gari, na hili lake mwenyewe. Lake lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Si bure kabisa, lakini dogo.

"Dieumerci iko na permis ya kuendesha," alisema. "Nitaongea na chef. Mi naendesha mpaka Lulimba, kisha yeye anakamata usukani. Kurudi, tunafanya vilevile."

"Utaweza kukaa upande ya abiria?"

"Leo nimekaa. Sikufa."

Gentille alicheka, akarudi chini kulegeza vibano vya ile fimbo. Hapo palihitaji subira. Aliizungusha nusu mzunguko, wakashusha gari, wakalijaribu uani, usukani ukalala upande wa pili. Akairudisha robo. Bado. Mara ya tatu Placide alikaa ndani akiutazama usukani ukigeuka taratibu, akamsikiliza binti yake akiuliza kutoka chini, "Iko katikati?" na yeye akijibu, "Bado kidogo, Mama, bado kidogo, hapo." Vibano vikakazwa.

Wakatoka kulijaribu barabarani, baba kwenye usukani. Alipinda kushoto kwenye njia panda, akalegeza vidole, na usukani ukateleza ndani ya viganja vyake, ukarudi wenyewe, ukasimama.  Alipinda kulia, pasipokuwa na haja ya kupinda, ili auhisi tena.

Walipofika kwenye mashamba ya mihogo alitaka kumwuliza Gentille kama anasikia mlio wowote chini, lakini Gentille alikuwa amelala. Alikuwa kazini tangu mapambazuko, na sasa alikuwa ameegemea mlango, kinywa wazi kidogo, mikono yenye grisi imelegea mapajani. Placide alipunguza mwendo kabla ya kila shimo. Mahali walipopaswa kugeuza alipapita. Aliendelea mbele, gari likishika njia yake, dirisha lake amelifunga ili vumbi lisimwamshe mtoto.

Walipokwisha kwenda mbali, Gentille alifumbua jicho moja.

"Papa, tuko wapi?"

"Bado najaribu gari," Placide alisema. "Lala."