Pistoni Iliyogoma

Mama aliamua pikipiki ya marehemu baba ifufuliwe, na kazi hiyo akampa mkwewe. Mkwewe, mshonaji nguo! Mwanawe wa kumzaa, fundi wa injini mwaka wa ishirini na mbili sasa, mwenye gereji mtaa wa pili tu, habari alizipata kwa dada yake, tena kwa simu.

"Mama kasema wewe una kazi nyingi."

"Nani kamwambia?"

"Si wewe? Kila akikupigia."

Roho ilimuuma, na tusifichane, ulikuwa wivu mtupu. Tangu siku hiyo akawa kila jioni anapita kwa mama "kusalimia tu," macho yakienda moja kwa moja kwenye kibanda cha uani. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda kwa kutu ya miaka kumi na minne. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mshonaji alikuwa na subira. Aliilowesha kwa dizeli na oili, na kila siku aliweka kipande cha mti juu ya pistoni, akagonga mara kumi, si zaidi, kisha akanawa mikono.

"Shemeji, hiyo ni injini, si mtoto mchanga," fundi alimcheka.

"Taratibu, shemeji. Leo imesogea unywele."

Mama akapiga makofi. Unywele mmoja, makofi! Yeye fundi, aliyewahi kushusha injini ya lori peke yake, hakupigiwa hata kofi moja.

Kesho yake mchana, shemeji akiwa bado kwenye cherehani yake, fundi akaingia kibandani na nyundo ya chuma. Mti hakuweka, ingawa kwake gereji angemfukuza mtu kwa kosa hilo. Alitaka mama atoke ndani akute pistoni mezani, imetolewa na mwanawe. Pigo la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu likateleza, likaipata silinda, na ukingo wake ukapasuka. Silinda kama ile haitengenezwi tena. Hasira, hasara.

Alikuwa bado amesimama pale shemeji alipofika, mama nyuma yake. Shemeji akautazama ufa, akaitazama nyundo, akamtazama fundi.

"Nisamehe, mama," shemeji akasema. "Jana niligonga vibaya."

Mama akamshika mkono. "Usijali, mwanangu. Umejitahidi."

Mwanangu! Fundi angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Lakini wivu haukumpa nafasi. Hata msamaha wake apewe mwingine?

"Ni mimi!" akapaza sauti. "Nimeivunja mimi!"

Mama hakushtuka.

"Najua. Nilikuwa dirishani, nikakuona ukiingia na nyundo," akasema. "Nikafurahi, nikadhani umekuja kumsaidia."