Robo Mzunguko

Mzee Paskali aliinama juu ya buti la gari la Mwalimu Noeli, akaunusa mtungi mweupe wa gesi uliofungwa humo. Hakusikia harufu yoyote, na hilo ndilo lililozidi kumtia wasiwasi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ametengeneza injini za petroli pale mtaani Area D, na petroli aliijua tabia yake: ikivuja huacha doa chini. Gesi hii haikuwa na rangi wala umbo. Ilikaa kimya ndani ya chuma, nawe ukatakiwa uiamini.

Aliyetaka aiamini alikuwa binti yake, Erica. Alirudi kutoka chuoni na cheti cha kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye magari, akaondoa vyuma chakavu kwenye kona moja ya gereji ya baba yake, akamwajiri fundi Hasani, Msandawe wa Chemba, mtu mzima asiyesema mpaka aulizwe. Mzee hakumwamini huyo pia. Mtu mkimya kiasi hicho, alijiambia, ana anachokificha.

Gari la Mwalimu Noeli, aliyefundisha Chimwaga, lilikuwa la kwanza kufungwa mfumo huo. Likitoka salama, wenzake wanne walikuwa wakisubiri zamu. Likiharibika, hakuna ambaye angemletea Erica hata baiskeli.

Asubuhi ile Erica alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungio cha bomba, akasubiri. Halikuvimba popote, ishara kwamba gesi haivuji. Akafunga valvu ya mtungi, akaenda madukani Majengo kununua vibanio vya nyaya. Adhuhuri ilipofika, Hasani akaenda kuswali.

Mzee akabaki peke yake na gari. Aliitazama nati iliyo karibu na mtungi, akaiona kama imelegea, ingawa macho hayapimi ulegevu. Akachukua spana. Robo mzunguko tu, basi. Nati ililia kidogo, ikakaza, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

Saa kumi Mwalimu alifika. Erica alipofungua valvu, harufu ikatoka, nzito, kama ya mayai viza. Aliifunga upesi, akapaka povu. Likavimba kwenye nati ile ile.

"Imekazwa kupita kiasi," alisema taratibu. "Pete ya ndani imepondeka."

Akamgeukia Hasani, akamuuliza kama aliigusa. Hasani akasema hapana. Akamuuliza kwa nini basi alitangulia kurudi gereji. Hasani akajibu kwamba swala ilikwisha. Erica alimsikiliza huku jicho moja amelifinya kidogo, likitafuta uongo, na Mzee akalitambua jicho lile. Lilikuwa lake yeye mwenyewe. Mwalimu alikwisha kurudi nyuma hatua mbili, akasema pengine angefikiria upya.

Erica akamwambia Hasani akusanye vitu vyake. Hasani hakubishana. Alivua ovaroli, akaanza kuikunja juu ya benchi, akilaza mkono juu ya mkono, kwa uangalifu, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mzee alimtazama akikunja. Kunyamaza tu kungetosha: gesi ingeondoka, na mtu ambaye yeye hakumwamini angeondoka nayo.

"Ni mimi," alisema. "Niliikaza ulipokwenda Majengo."

Erica alimgeukia.

"Kwa nini, Baba?"

"Sikuiamini."

"Gesi, au mimi?"

Mzee aliichukua spana ile, akaiweka juu ya benchi.

Erica akamwomba Hasani radhi mbele ya wote. Hasani aliikunjua ovaroli, akaivaa. Wawili hao walikata kipande cha bomba, wakaweka pete mpya, wakapaka povu tena, safari hii Mwalimu akiwa ameinama karibu nao. Halikuvimba. Mwalimu alilichukua gari lake, akaelekea Chimwaga, vioo vyote vinne ameviteremsha.

Asubuhi iliyofuata gari la pili liliingia. Kabla jua halijawa kali, Erica alikuwa amelala chini yake, mkononi ana kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Kila nati aliyoikaza, aliichora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye bomba, ili mtu akiizungusha nati, mstari ukatike na ionekane. Hakueleza mstari ule ulikuwa wa nini, wala baba yake hakuuliza. Alisimama kando, mikono nyuma ya mgongo, akaitazama rangi ikikauka.